Bendi ya Mitungi Isiyo na Mtungi

Mzee mmoja wa Ng'ambo, Unguja, aliyemaliza ujana wake akipiga sanduku, besi la kienyeji la uzi, kwenye kidumbak, muziki wa kuchezea wa Zanzibar, aliwahi kuniuliza swali ambalo bado linanisumbua. Nilikuwa nimemwekea kwenye simu wimbo wa Wamarekani uitwao "Fishin' Blues", nikawa namweleza kwa mbwembwe kwamba vijana hawa wa New York walitokana na bendi za mitungi: watu waliopuliza mtungi wa wiski wapate besi, waliokwaruza ubao wa kufulia wapate ngoma, na waliolifunga karai uzi na mpini wa ufagio likawa ndugu wa sanduku lake. Alisikiliza mpaka mwisho, kidole kikigonga mkono wa kiti. Kisha akasema, "Haya, mwanangu. Na huo mtungi mbona siusikii?"

Haumo. Albamu niliyokuwa nikimpigia, Do You Believe in Magic ya kundi la The Lovin' Spoonful, ilitoka Novemba 1965, na kila anayeiandika huisifu kuwa ni pop-roki yenye mizizi kwenye bendi za mitungi na bluzi. Ni kweli. Lakini mtungi wenyewe hausikiki kwenye wimbo hata mmoja kati ya 12. Besi ni gita la umeme la Steve Boone. Ngoma ni za kawaida, za Joe Butler. Zal Yanovsky, kijana wa Toronto, yuko kwenye gita la solo, na John Sebastian anaimba, anapiga gita, anapuliza kinanda cha mdomo na kushika chombo kingine cha ajabu ambacho nitakirudia. Nadhani swali la mzee ndilo mahali pa kuanzia. Vijana wale waliuacha mtungi nyumbani wakaondoka na tabia yake. Panapo tabia hiyo albamu inachangamka kama harusi, na wanapoisahau inakuwa santuri ya mwaka 1965 kama nyingine nyingi.

Tabia gani? Inabidi kwanza tujue mtungi unapigwaje. Wengi hudhani mpigaji anapitisha pumzi juu ya mdomo wa mtungi, kama mtoto anavyoliza chupa tupu ya soda. Sivyo. Anabana midomo na kuitetemesha kama mpiga tarumbeta, mtungi ukiwa mbali kidogo na uso wake. Sauti inazaliwa midomoni, tumbo la mtungi linaikuza na kuipa uzito. Akilegeza midomo sauti inashuka, akiikaza inapanda, na baina ya noti moja na ya pili sauti inateleza, haipandi kwa ngazi. Ni besi inayofika ikiwa imechelewa kidogo na inacheka. Ukiisikia mara ya kwanza unatabasamu kabla hujajua unatabasamia nini.

Mtindo huo ulishika kwanza Louisville, Kentucky, mwanzoni mwa karne ya 20, kwa wanamuziki Weusi waliopiga mitaani na kwenye msimu wa mbio za farasi. Earl McDonald na Clifford Hayes ndio majina makubwa ya huko, na santuri za kwanza zenye mtungi zilirekodiwa 1924. Kule Memphis, kijana aitwaye Will Shade akazisikia santuri za Louisville, akakusanya wenzake, na Februari 1927 kampuni ya Victor ikairekodi Memphis Jug Band. Mwaka uliofuata akaja Gus Cannon na kundi lake, Cannon's Jug Stompers, pamoja na Noah Lewis, mpulizaji wa kinanda cha mdomo ambaye kwangu mimi ndiye fundi wa mafundi wa enzi ile. Cannon alizaliwa Mississippi mwaka 1883, na banjo yake ya kwanza aliitengeneza mwenyewe kwa sufuria na ngozi ya rakuni. Alipokua akajitengenezea kifaa cha kuufunga mtungi shingoni ili apulize huku mikono ikibaki kwenye banjo. Mtu mmoja, besi na nyuzi.

Msomaji wa Zanzibar hahitaji kuelezwa zaidi. Kidumbak ni fidla, sanduku, ngoma mbili ndogo za vidumbak, vijiti vya mkwasa na manyanga ya cherewa. Nyimbo zinatoka kwenye vilabu vikubwa vya taarab, vyenye fidla nyingi na akodiani na ganuni, zinaletwa uwanjani zikapigwa kwa kasi watu wakate viuno. Bendi za mitungi zilifanya vivyo hivyo kwa jazi na nyimbo za majukwaa makubwa. Sidai kwamba kimoja kimezaa kingine. Ufukara ni uleule na umepiga hesabu ileile: kama besi la duka hulimudu, besi liko jikoni. Jambo ambalo matajiri hawakulitegemea ni kwamba besi la jikoni linaweza kuchezesha watu kuliko la dukani.

Mdororo mkubwa wa uchumi uliofuata mwaka 1929 uliua soko la santuri, na bendi hizi zikafa nalo. Memphis Jug Band ilirekodi mara ya mwisho 1934. Shade na Cannon walirudi kwenye vibarua na kupiga mitaani Memphis, na ulimwengu ukawasahau.

Kilichowafufua ni mkusanyaji mmoja mwenye mapepe, Harry Smith, ambaye mwaka 1952 alichambua rundo lake la santuri nzee na kutoa mkusanyiko wa rekodi 84 kupitia kampuni ya Folkways. Mle ndani kuna Cannon's Jug Stompers, kuna Memphis Jug Band, kuna Mississippi John Hurt. Rekodi ya 84, ya mwisho kabisa, ni "Fishing Blues" ya Henry Thomas, Mtexas aliyezaliwa 1874, mtu wa kudandia treni, aliyepiga gita huku akipuliza filimbi za matete. Kizazi kizima cha vijana wa mjini, wengi wao Wazungu na watoto wa watu waliosoma, kilikariri mkusanyiko ule kama chuoni. Kwa hiyo The Lovin' Spoonful walipoiimba "Fishin' Blues" hawakuokota wimbo njiani. Walikuwa wanaimba aya ya mwisho ya msahafu wao.

Sebastian alizaliwa katikati ya mambo hayo, Greenwich Village, mtaa wa wasanii wa New York, mwaka 1944. Baba yake, waliyeshirikiana jina, alikuwa mpulizaji wa kinanda cha mdomo kwenye muziki wa klasiki, na nyumba yao ilikuwa ya wanamuziki. Kijana akapata bahati ambayo kusoma hakukupi: aliwasindikiza Mississippi John Hurt na Lightnin' Hopkins walipokuja kupiga New York, akakaa karibu na vidole vyao. Hurt alirekodi 1928, akarudi shambani kwake Avalon, Mississippi, na hakutafutwa na mtu hadi 1963. Upigaji wake ni wa kidole gumba kutembea kwenye nyuzi za besi bila kuchoka huku vidole vingine vinaimba juu. Waliolelewa na gita la Mwenda Jean Bosco wa Lubumbashi wataelewa nasema nini: mikono miwili inayosikika kama watu watatu. Gumba lile ndilo lililoziba pengo la mtungi kwenye albamu hii. Lisikilize kwenye "Did You Ever Have to Make Up Your Mind?", uone linavyotembea kwa madaha ya mtu asiye na miadi.

Kabla ya hapo Sebastian alipitia Even Dozen Jug Band, kundi la vijana wengi mno lililotoa albamu moja 1964 kupitia kampuni ya Elektra na kuvunjika. Hata jina The Lovin' Spoonful lilitoka ukoo huohuo. Fritz Richmond, mpulizaji wa mtungi na mpigaji wa karai wa Jim Kweskin Jug Band, ndiye aliyelipendekeza, akalichukua kwenye "Coffee Blues" ya Hurt, wimbo ambao mzee yule anaisifia kahawa kwa kijiko. Naomba mlishike jina la Richmond.

Sasa, wachambuzi wengi husimulia kuzaliwa kwa kundi hili kama ndoa ya watu wasiofahamiana: muziki wa kale wa Kimarekani kwa upande mmoja, The Beatles kwa upande wa pili. Husimulia kwamba Sebastian na Yanovsky walikutana nyumbani kwa mwimbaji Cass Elliot usiku wa tarehe 9 Februari 1964, Marekani nzima ilipokuwa mbele ya televisheni ikiwatazama Waingereza wanne. Kisa kitamu, na sina ugomvi nacho. Ninachogombana nacho ni hiyo habari ya kutofahamiana. Vijana wa Liverpool walianzaje? Walianza na skifo, muziki uliowaka Uingereza baada ya Lonnie Donegan kupata kibao na "Rock Island Line", na kundi la kwanza la John Lennon, The Quarrymen, lilikuwa na ubao wa kufulia na besi la sanduku la chai. Sanduku la chai! Mzee wangu wa Ng'ambo angewakaribisha jukwaani. Kwa hiyo usiku ule mbele ya televisheni wale wawili hawakuona wageni. Waliona binamu zao waliotangulia kununua umeme.

Na umeme ndio uliokuwa kizungumkuti. Walipoanza kupiga kwenye Night Owl Café, West 3rd Street, hawakuwa wazuri, wakaambiwa hivyo. Wakateremka chini ya Hotel Albert, kwenye chumba cha chini kabisa, wakafanya mazoezi hadi wakawa bendi. Waliporudi, jioni moja Sebastian alimwona msichana wa miaka 16 hivi akicheza katikati ya watazamaji ambao kawaida yao ilikuwa kukaa wamekunja nne na kusikiliza kwa heshima. Kucheza! Kwenye ukumbi wa muziki wa kiasili! Akaenda akaandika wimbo wenye jina la albamu.

Nitakaa kwenye wimbo huo kidogo, maana hoja yangu yote imo humo. Mwanzo wake Sebastian aliutoa kwenye "Heat Wave" ya Martha and the Vandellas, kundi la Detroit, akazikimbiza kodi zake, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, kwa kasi zaidi. Hapo umepata Detroit. Kodi hizo hakuzipiga kwa gita, alizipiga kwa otohapu. Hicho ndicho chombo nilichokiahidi: kisanduku bapa chenye nyuzi kibao, na juu yake vitufe. Ukibonyeza kitufe, kipande cha kitambaa kizito kinashuka na kuzinyamazisha nyuzi zote zisizotakiwa. Ukipitisha mkono, zilizobaki zinatoa kodi kamili. Ni chombo cha sebuleni na cha kanisani, cha akina mama wa milimani kama Maybelle Carter, hakikujua roki ni mnyama gani. Sebastian akakibandika kipaza sauti, akakiingiza kwenye spika za gita. Matokeo yake ni kitu kinachometameta ambacho si gita wala piano, na chini yake besi na ngoma zinayumba, haziendi mguu pande kama jeshi.

Huko kuyumba ndiko mtungi. Bendi za roki za mwaka ule, hata nzuri, zilikuwa zikikita: moja, mbili, tatu, nne, msumari baada ya msumari. The Lovin' Spoonful wanadunda. Pigo linakaa nyuma kidogo ya pale unapolitarajia, kama ile pumzi inayoteleza kutoka midomoni mwa Cannon. Maneno yenyewe yanakiri ukoo: kwenye ubeti mmoja mwimbaji anamwambia msikilizaji asijisumbue kuchagua kati ya muziki wa bendi za mitungi na ridhimu na bluzi, zote zitamfikisha. Wimbo ulipanda hadi nafasi ya 9 kwenye chati ya Billboard. Mamilioni ya vijana wakaimba habari za mitungi bila kuwahi kuuona mtungi.

Sasa nyimbo za kale zenyewe. Ziko 5: "Blues in the Bottle", "Sportin' Life", "My Gal", "Fishin' Blues" na "Wild About My Lovin'". Hapa natofautiana na wapenzi wengi wa kundi hili wanaoziona kuwa ndio moyo wa albamu. Mimi naziona kama daftari la shule. Limeandikwa kwa hati nzuri, mwalimu atatia vema, lakini mwanafunzi bado anatazama ubaoni. "Fishin' Blues" ina uchangamfu, ila Henry Thomas akiwa na filimbi zake za matete alikuwa na upweke fulani, sauti ya mtu mzima asiye na makazi anayetania ili asilie. Vijana wamebeba utani, upweke wameuacha kituoni. "Wild About My Lovin'", ambayo Jim Jackson aliirekodi 1928, imekuwa ya kustarehesha mno; Jackson aliiimba kama mtu anayejua bili ya mwezi.

"Blues in the Bottle" ni habari nyingine, na inafaa kuwakumbusha wanaotaka kugawa muziki huu kwa rangi kama vile pilau na ubwabwa. Aliyeirekodi 1928 ni Prince Albert Hunt, Mzungu wa Texas, mpiga fidla, aliyejifunza bluzi kwa jirani zake Weusi. Baadaye The Holy Modal Rounders wakaipindua kwa vichekesho vyao vya Village, na kutoka kwao ndiko ilikofika hapa. Yanovsky anafaidi kweli kwenye wimbo huu. Gita lake linachekesha, linakonyeza, linaigiza vyombo lisivyokuwa navyo. Jukwaani alikuwa mchekeshaji, na ni mmoja wa wapiga solo wachache wa wakati wake waliojua kwamba kuchekesha ni ufundi.

"Sportin' Life", wimbo unaofahamika sana kwa sauti ya Brownie McGhee, ni wa mlevi na mcheza kamari aliyechoka anayeahidi kuacha. Sebastian alikuwa na miaka 21. Anauimba vizuri, polepole, na simwamini hata kidogo. Lakini geuza santuri, nenda mwisho wa upande wa pili, kuna "Night Owl Blues", isiyo na maneno, imepewa jina la ukumbi uliowafukuza na kuwarudisha. Hapo Sebastian anaacha kuigiza uzee, anaweka kinanda cha mdomo kinywani, na ghafla namwamini kwa kila kitu. Mtoto wa mpulizaji, mwanafunzi wa Noah Lewis kwa njia ya santuri, aliyewasindikiza wazee ana kwa ana: huku hakuna kuigiza. Ni kama baadhi ya watu wanavyosema uongo kwa mdomo na ukweli kwa mkono.

"You Baby" sina mengi nayo. Iliandikwa na Phil Spector, Barry Mann na Cynthia Weil, The Ronettes walishaiimba, na The Ronettes walitosha. Imewekwa pale ili kampuni ya kurekodi ilale usingizi. "Other Side of This Life" ya Fred Neil, mtu wa Village ambaye Sebastian alimpulizia kinanda cha mdomo kwenye albamu yake, ina heshima zaidi.

Imebaki "Younger Girl", na hapa nashusha sauti.

Ni wimbo mzuri, pengine wenye sauti tamu kuliko zote kwenye albamu. Makundi mawili, The Critters na The Hondells, yaliurudia mwaka uliofuata na wote wawili wakaingia nao kwenye chati. Mwandishi aliyetajwa ni John Sebastian, peke yake. Lakini chukua "Prison Wall Blues" ya Cannon's Jug Stompers, ya mwaka 1930, uisikilize kisha uisikilize "Younger Girl". Melodi ni ileile, imevuliwa sare ya mfungwa na kuvalishwa shati la mapenzi. Si siri, watu wa muziki huu wote wanajua. Nilizipiga mfululizo mara tatu, na mara ya tatu nikawa siwezi tena kuusikia wimbo wa mapenzi bila kuona ukuta.

Kuna utetezi, na ni utetezi mzuri. Memphis ya miaka ya 1920 ilikuwa soko la kukopana. Beti zilihama kutoka wimbo hadi wimbo kama sufuria kati ya majirani, na Cannon naye hakubuni kila kitu kutoka kichwani. Mila hii ina adabu yake: unachukua, unaongeza, unapitisha. Sebastian aliongeza, tena kwa ufundi, na hakuwahi kujifanya alizaliwa bila wazazi. Nakubali yote hayo. Sisi wenyewe tumebishana miaka na miaka kuhusu nani alitunga "Malaika", na kila ukidhani umefika mwisho anatokea mtu na kaka yake aliyeuimba kabla.

Tofauti inaletwa na karatasi. Memphis walipokopana hapakuwa na kitu cha kugawana isipokuwa chenji za wapita njia. Mwaka 1965 jina moja kwenye lebo ya santuri lilikuwa na mirabaha nyuma yake. Na neno "za asili", lililowekwa kwenye zile nyimbo 5 pamoja na maelezo kwamba mpangilio ni wa bendi, lina maana yake kihesabu: wimbo wa asili hauna mwenyewe, kwa hiyo aliyeupanga ndiye anayelipwa. Kwa Henry Thomas pengine hapakuwa na mtu wa kumtafuta tena. Kwa Cannon palikuwepo. Novemba 1965 alikuwa Memphis, hai, mwenye miaka 82, na aliishi hadi 1979.

Na wala hakuwa mtu aliyefichika. Januari 1963 The Rooftop Singers walifika namba 1 Marekani kwa "Walk Right In", wimbo aliourekodi Cannon 1929. Jina lake lilitajwa, na pesa zilimfikia. Wakati huo, kwa simulizi inayorudiwa sana, alikuwa ameweka banjo rehani ili alipie joto la nyumba kwenye baridi. Kampuni ya Stax ya hapohapo mjini ikamwita akarekodi albamu nzima, Will Shade akipuliza mtungi. Kwa hiyo miaka miwili kabla ya "Younger Girl" ulimwengu ulishaonyeshwa namna ya kufanya: unaandika jina la mzee, basi. Sioni ubaya wa moyo kwa Sebastian. Naona mazoea ya biashara ambayo yalimrahisishia kijana mwenye heshima asifikirie. Lakini mazoea hayo yana uzito wake, na ukiisikiliza albamu kwa makini utausikia.

Hata hivyo, ningekuwa mnafiki nikisema yote haya yamenipunguzia hamu ya kuisikiliza. Yameniongezea. Ukiipiga kama muziki wa raha tu, wa jua na bustani, ni albamu ya dakika thelathini na kitu inayopita kama upepo wa alasiri. Ukiipiga ukijua gumba lile ni la nani, pumzi ile ni ya nani, na shati lile la mapenzi lilikuwa sare ya nani, kila wimbo unakuwa na mtu wa pili aliyesimama nyuma ya mwimbaji. Na wenzao waliofuata njia ile wanathibitisha kwamba kisima kilikuwa kirefu: The Grateful Dead, waliotokana na bendi ya mitungi ya Palo Alto, waliifunga albamu yao ya kwanza ya 1967 kwa wimbo wa Noah Lewis, wakaurefusha hadi dakika kumi. Canned Heat mwaka 1968 waliifufua filimbi ya Henry Thomas kwenye "Going Up the Country". Mungo Jerry, Waingereza, walifika namba 1 kwao mwaka 1970 kwa "In the Summertime", na hao angalau mtungi waliuleta.

The Lovin' Spoonful wenyewe walipanda haraka. Agosti 1966 "Summer in the City" ilikuwa namba 1, ngumu, yenye jasho la lami, tayari mbali na mitungi. Mwaka uliofuata Yanovsky akaondoka, na baadaye akawa mwenye mgahawa Kingston, Ontario, hadi alipofariki 2002. Raha ilikuwa imekwisha.

Ila Sebastian alirudi. Kwenye miaka ya 1990, nywele zimeshaanza kuwa nyeupe, aliunda kundi aliloliita J-Band, bendi ya mitungi ya kweli safari hii. Alimkaribisha Yank Rachell, mpiga mandolini wa zama zilezile za Memphis, ambaye alipiga nao kabla ya kufariki 1997. Albamu yao ya pili ilitoka 1999, na jina lake ni Chasin' Gus' Ghost, yaani kuufukuzia mzimu wa Gus. Jina la Cannon likawa limefika juu ya jalada, miaka 34 baada ya "Younger Girl". Na kwenye J-Band aliyekuwa anapuliza mtungi ni Fritz Richmond, yuleyule wa kijiko cha kahawa.

Nilimpelekea mzee Ng'ambo. Sikumweleza kitu, nilibonyeza tu. Mtungi ulipoingia aliinua kidole kutoka kwenye mkono wa kiti, akakiacha hewani, akasikiliza mizunguko miwili mizima. "Huyu sasa," akasema. Kisha akaniambia kwamba sanduku lake liko darini, limeliwa na mchwa upande mmoja, na kama ninao muda nimsaidie kuliteremsha.